Kuumba Mnyama Asiyekuwapo: Somo la Mikoko ya Gazi

Kazi ya mchoraji wa viumbe vya gemu huanza na agizo fupi. Tuseme agizo ni hili: chora dubwana linalolinda mikoko ya Gazi, huko Kwale, pwani ya Kenya, zito kuliko mtu, ambalo mchezaji atakutana nalo maji yakipwa. Mkono hukimbilia pembe, meno na makucha. Baada ya saa moja mnyama wa kutisha amekamilika, lakini akianza kutembea kwenye skrini anaonekana hana uzito wala maisha. Jicho la mtazamaji, hata la mtoto, limewaona ng'ombe, paka, kunguru na kaa tangu utotoni. Hutambua uongo kabla akili haijaueleza.

Kuna njia nyingine, nayo ni kuanza na maswali ambayo kila mnyama halisi ameshayajibu. Ana uzito gani, na nini kinaubeba? Anakula nini? Anapumuaje? Anahitaji kuona nini? Ametokana na ukoo gani? Tutalijenga dubwana letu swali baada ya swali, na majibu tutayatafuta Kwale yenyewe, kuanzia Milima ya Shimba, kupitia Diani na Msambweni, hadi Shimoni.

Uzito kwanza

Wazo la haraka ni kumchukua kaa koko, yule kaa mkubwa wa mikokoni, na kumkuza. Tuseme ana kilo 1, nasi tunamkuza mara 10 kila upande: urefu, upana na kimo. Uzito hufuata ujazo, na ujazo ni pande zote tatu zikizidishwa pamoja. Kwa hiyo uzito unaongezeka 10 × 10 × 10, yaani mara 1,000. Kaa wetu sasa ana tani nzima.

Miguu je? Uwezo wa mguu kubeba hutegemea unene wake, yaani eneo unaloliona ukiukata katikati. Eneo lina pande mbili tu, kwa hiyo limeongezeka 10 × 10, mara 100. Mzigo umekua mara 1,000 na nguzo zimekua mara 100. Kila sehemu ya mguu inabeba mara 10 ya ilichokuwa ikibeba.

Galileo Galilei aliieleza hesabu hii katika kitabu alichokitoa mwaka 1638, akachora mfupa wa kawaida kando ya mfupa uliokuzwa ili watu waone jinsi ule mkubwa ulivyolazimika kunenepa kupita kiasi. Ukitaka kuiona ikiwa hai, nenda Milima ya Shimba. Paa wa msituni ana miguu myembamba, na huiacha imekunjwa kidogo, tayari kuruka. Tembo wa milima hiyo hiyo ana miguu minene iliyosimama wima chini ya mwili, mfupa juu ya mfupa, na hawezi kuruka hata kidogo. Hakuna aliyemnyima wepesi wa paa ila uzito wake.

Kaa ana tatizo la pili. Mifupa yake iko nje, na ili akue lazima alivue gamba, kisha akae laini mpaka jipya liwe gumu. Majini maji humbeba katika muda huo. Nchi kavu, kaa wa tani moja aliyevua gamba angelemewa na uzito wake mwenyewe. Ndiyo maana kaa wa nazi, anayeishi katika visiwa vya Bahari ya Hindi kikiwamo Chumbe cha Zanzibar, ndiye mkubwa kuliko kaa wote wa nchi kavu, na hufikia kilo 4 hivi tu. Baharini huko Japani yuko kaa anayetanua miguu zaidi ya mita 3, kwa kuwa bahari ndiyo inayomhimili.

Uamuzi wetu wa kwanza basi: dubwana litakuwa na mifupa ndani, uzito wa kilo 200, na miguu mifupi minene. Gando tunaliacha. Yule kaa hakupotea bure. Tutamkuta tena kwenye chakula.

Tope lina sheria zake

Kiumbe chetu hakikanyagi lami. Kinakanyaga tope la mikokoni, na tope halijali uzito peke yake. Linajali uzito uliogawanywa kwa eneo la nyayo. Mtu wa kilo 60, mwenye nyayo mbili za takriban sentimita mraba 150 kila moja, anakandamiza kwa gramu 200 kila sentimita mraba, na kila aliyewahi kufuata kaa Gazi au Funzi anajua anavyozama. Tukilipa dubwana la kilo 200 nyayo nne za sentimita mraba 100 kila moja, litakandamiza kwa gramu 500. Litakwama hatua ya kwanza. Tukizipanua hadi sentimita mraba 400, linakandamiza kwa gramu 125 tu, na dubwana zito kuliko watu watatu linatembea pale mtu anapozama.

Hapo swali la pili linajileta: mguu ulioingia unatokaje? Tope hunyonya. Unyayo mpana usiobadilika ungeng'ang'aniwa. Kwa hiyo vidole vyetu vitatanuka vikikanyaga na kukunjana vikiinuliwa, na kati yake kutakuwa na ngozi. Mwenye kazi ya kukifanya kitembee kwenye skrini sasa ameshapata mwendo: mguu unashuka ukiwa umefumbuka, unapanda ukiwa umefumba, polepole, mmoja baada ya mwingine. Hatukuubuni mwendo huo kwa kutaka uzuri. Tope limeuamuru.

Chakula huchonga kichwa

Kichwa hakichorwi kabla ya chakula kujulikana. Mwalimu bora wa somo hili ni mbega wa Diani, yule wa rangi nyeusi na nyeupe. Anaishi kwa majani, na majani ni chakula kigumu chenye faida ndogo. Tumbo lake lina vyumba kadhaa ambamo bakteria huyachachusha majani mpaka yatoe lishe. Uchachushaji unahitaji nafasi na muda, na ndiyo sababu mbega ana kitambi na hupumzika sehemu kubwa ya mchana. Mkono wake hauna kidole gumba cha maana. Vidole vinne virefu hufanya kazi ya kulabu anapopita tawi hadi tawi. Mtazame akivuka barabara ya Diani kwa ngazi za kamba zilizofungwa na shirika la Colobus Conservation ili asigongwe na magari: tumbo, mkono na mwendo vyote vinaeleza jani.

Dubwana letu litakula kaa na konokono wa mikokoni, wenye maganda magumu. Ganda linavunjwa kwa nguvu, na taya ni wenzo. Tuseme taya lina urefu wa sentimita 40 kutoka bawaba hadi ncha, na msuli unavuta sentimita 10 kutoka bawaba. Kwenye ncha ya mdomo nguvu inayofika ni robo tu ya nguvu ya msuli. Kwenye jino lililo sentimita 10 kutoka bawaba inafika yote. Wewe pia, ukitaka kuvunja kashata ngumu, huisogeza kwenye magego bila kufikiri.

Hivyo meno marefu ya mbele, ambayo kila mchoraji anayapenda, hapa hayana kazi. Kiumbe chetu kinapata mdomo mfupi, magego mapana bapa, na mashavu yaliyovimba kwa misuli. Kinatisha zaidi kuliko awali, kwa sababu mchezaji anayaona mashavu yale na kuelewa, bila kuambiwa, kinachoweza kuupata mkono wake.

Chakula kimetupa na hadithi pia. Mnyama wa kilo 200 anahitaji kaa wengi, na kaa wanahitaji mikoko. Ghuba moja itatosha dubwana moja au mawili tu. Halilindi mikoko kwa amri ya mchawi. Linamfukuza anayekata miti kwa sababu miti ikiisha, nalo limekwisha.

Pumzi, macho na bamvua

Kila siku bahari ya Kwale hupwa na kujaa mara mbili, na wakati wa bamvua tofauti ya maji inaweza kukaribia mita 4. Mahali palipokuwa uwanja asubuhi huwa bahari mchana. Kiumbe cha hapa lazima kiwe na jibu kwa hali zote mbili.

Samaki wadogo wa tope wanaorukaruka kwenye mizizi ya mchu wameshalipata jibu hilo. Wanabeba maji katika vyumba vya matamvua, wanapumua pia kupitia ngozi na utando wa mdomo maadamu vimelowa, na wanajikokota kwa mapezi ya kifua. Macho yao yamepanda juu kabisa ya kichwa, ili mwili ukiwa majini jicho libaki hewani. Njia ile ya kupumua kwa ngozi haiwezi kutufaa, kwa hesabu ile ile ya Galileo: ngozi ni eneo, mwili ni ujazo, na mwili ukikua ngozi hubaki nyuma. Kilo 200 zinahitaji mapafu. Lakini mahali pa macho tunaweza kupachukua. Tunaweka macho na pua juu ya kichwa, kama kiboko.

Swali linalofuata ni macho yaelekee wapi. Paa, anayeliwa, ana macho pembeni ili aone karibu pande zote. Komba, anayedaka wadudu usiku na kuruka gizani kutoka tawi hadi tawi, ana macho makubwa yaliyoelekea mbele; picha mbili zinazopishana humpa kipimo cha umbali. Dubwana letu ni mwindaji, kwa hiyo macho yataelekea mbele. Maji yakijaa, mchezaji aliye ndani ya mtumbwi ataona vitu viwili tu juu ya maji: jozi ya macho na jozi ya matundu ya pua.

Ukoo hauruhusu kila kitu

Mtu atashauri tuongeze mbawa. Hapa tuingie katika mapango ya Shimoni, ambamo popo hulala mchana. Bawa la popo ni mkono. Vidole vyake vimerefuka mno na ngozi imetandazwa kati yao. Ndege naye ameutoa mkono ili apate bawa. Wanyama wote wenye uti wa mgongo wanaoishi nchi kavu wametokana na ukoo wa viungo vinne, na aliyepata mbawa alilipia kwa mikono. Joka lenye miguu minne pamoja na mbawa mbili lina viungo sita, na mchoraji anayelitaka lazima ambuni babu wa viungo sita, kisha awape viungo hivyo wanyama wengine wa ulimwengu huo pia. Hilo linaruhusiwa, na likifanywa kwa uaminifu linapendeza. Kisichofaa ni kubandika mbawa mgongoni bila bega la kuzishika wala misuli ya kifua ya kuzipiga.

Leonardo da Vinci aliwashauri wachoraji wanaotaka mnyama wa kubuni aonekane wa kweli wachukue kila kiungo kwa mnyama halisi. Ushauri huo ni mzuri ukiongezewa sharti moja: viungo vilivyochukuliwa viweze kuishi pamoja katika mwili mmoja, kwa chakula kimoja.

Rangi, kisha umbo la kivuli

Rangi inakuja mwisho, nayo ina fizikia yake. Maji humeza mwanga mwekundu kwanza. Ukipiga mbizi katika bahari ya Kisite, kufikia mita 10 hivi wekundu mwingi umeshafifia. Alama nyekundu kwenye tumbo la dubwana itang'aa topeni na kuzima likizama, na mchezaji makini atajifunza kupima kina kwa rangi. Kwingine kote ngozi iwe ya kijivu cha tope, maana mwindaji anayeonekana mapema hushinda na njaa.

Hatimaye lijaze umbo zima kwa weusi. Mchezaji ana muda mfupi sana wa kutambua kilicho mbele yake, na umbo lazima lisomeke bila rangi. Kwenye tope la Gazi kaa dume mdogo hupunga gando moja kubwa, ambalo uzito wake unaweza kukaribia nusu ya uzito wake wote. Jike humtambua kwa mbali, na dume mwenzake pia. Ishara moja kubwa imetosha. Ishara ya dubwana letu ni mashavu na nyayo: pana mbele, pana chini, na mgongo ulioinama katikati.

Akina mama wa Gazi wamejenga njia ya mbao inayopita ndani ya mikoko, na katika kijiji hicho hicho wakazi wanaendesha Mikoko Pamoja, mradi ulioanza mwaka 2013 unaouza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na miti hiyo. Mchoraji kijana wa Kwale ana maktaba ya viumbe ambayo studio za Tokyo na Los Angeles zingeitamani. Achukue daftari, aende maji yakipwa, amchague mnyama mmoja, na kabla ya kuchora mstari aandike kila kiungo kinafanya kazi gani.

Ukimaliza kiumbe chako, kipime hivi. Badilisha jambo moja la mahali kinapoishi: ondoa bamvua, au geuza tope kuwa mawe ya matumbawe, au maliza kaa wote. Kama mchoro unaweza kubaki vilevile, rudi mwanzo, kwa kuwa ulichora pambo. Kama nyayo, mdomo au macho yanalazimika kubadilika, basi umemuumba mnyama.