Mzigo wa Akili: Somo kutoka kwa Rubani

Aliyebeba gunia la mtama huonewa huruma na kila amwonaye. Lakini mzigo wa akili hauonekani. Ukizidi huleta makosa, na makosa mengine huua. Mwezi huu tujifunze jinsi unavyopimwa.

Tumtazame rubani anayetua katika uwanja wa ndege wa Dodoma, ambao umezungukwa na mji. Kwa wakati mmoja anashika usukani, anapunguza nguvu ya injini, anateremsha magurudumu, anasoma vipimo, tena anamsikiliza mwongoza ndege. Kinachoelemewa hapo si mikono, bali akili.

Mzigo huo hupimwaje?

1. Kwa kumwuliza. Mwaka 1988, Hart na Staveland wa Marekani walitoa kipimo cha mambo sita: kazi ya akili, kazi ya mwili, haraka, mafanikio, juhudi na kero. Rubani hulipa kila jambo alama.

2. Kwa mwili. Mapigo ya moyo hubadilika na mboni ya jicho hupanuka.

3. Kwa kazi ya ziada. Akiwa mazoezini hutakiwa pia kubonyeza kitufe kila taa inapowaka. Akichelewa, ni dalili kwamba akili imejaa.

Nia ya kupima si kumlaumu mtu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, marubani wa Marekani waliokwisha kutua salama walikunja magurudumu kwa bahati mbaya, kwa sababu vishikio viwili vilifanana na vilikuwa jirani. Mtaalamu Alphonse Chapanis alishauri kishikio cha magurudumu kiwe na umbo la gurudumu, ili mkono wenyewe ukitambue. Umbo hilo linatumika hata leo.

Na nyumbani je? Mama anayempimia mtoto dawa usiku, uji ukiwa motoni na wengine wakimwita, amebeba mzigo kama huo. Basi tufanye hivi:

– Mafuta ya taa na dawa ya mifugo visiwekwe kamwe katika chupa za soda au maji. Vitu vinavyofanana humponza aliyechoka, na mtoto hunywa bila kujua.

– Anayepima dawa asisemeshwe. Marubani nao, wakati wa kupaa na kutua, hawaruhusiwi maongezi yasiyohusu kazi.

– Aliyeelemewa apunguziwe kazi moja kabla hajakosea.

Swali la kujadiliana: Nyumbani kwetu, nani amebeba mzigo usioonekana, na tumpokee kipi leo?