Mwenye Kuua kwa Kukosea: Hukumu ya Bani Israili na Hukumu Yetu

Mtu akigongwa na gari akafa, upesi utasikia mjini kwetu: «Ajali haina kinga.» Neno hili ni kweli, lakini limegeuzwa fatwa. Dereva huhudhuria maziko, huchangia gunia la mchele katika matanga, kisha hurudi kazini kwake, na jambo likaisha hapo. Au huwa kinyume chake: watu humkusanyikia palepale barabarani kwa mawe na marungu, akauawa kabla hajaulizwa neno. Makosa haya yote mawili sharia ilikwisha kuyakataa tangu zamani za Nabii Musa (A.S.).

Sisi twaamini Taurati aliyoteremshiwa Nabii Musa, wala hatusemi kwamba kila kilichomo katika vitabu vilivyo mikononi mwa Mayahudi leo ndicho hicho. Lakini Qur'ani yenyewe, katika Al-Maida aya ya 45, imetueleza kuwa Bani Israili waliandikiwa nafsi kwa nafsi. Basi si vibaya kutazama hukumu hiyo ilivyopangwa kwao.

Zamani hizo mtu akiuawa, jamaa yake wa karibu ndiye aliyekuwa na haki ya kulipiza damu yake. Taurati haikuiondoa haki hii, iliitia hatamu. Waliamrishwa kutenga miji sita ya makimbilio: mitatu mashariki ya mto Yordani, nayo ni Bezeri, Ramothi na Golani, na mitatu magharibi, Kedeshi, Shekemu na Hebroni, mji tuujuao sisi kwa jina la Al-Khalil. Njia za kuendea miji hiyo ziliamrishwa zitengenezwe, ili mwenye kukimbia asifikiwe njiani na jamaa wa maiti hali moyo wake ungali moto. Na mgeni akaaye kwao alikuwa na haki ya kukimbilia huko sawasawa na mwenyeji.

Mfano uliotajwa katika Kumbukumbu la Torati ni wa watu wawili waliokwenda mwituni kukata miti. Mmoja akainua shoka, chuma kikachomoka katika mpini, kikampata mwenziwe akafa. Hakuwa na chuki naye kabla ya hapo, wala hakumvizia. Lakini kufika katika mji ule hakukuwa hukumu ya kwamba hana makosa. Alisikilizwa kwanza na wazee langoni mwa mji, kisha ikahukumiwa baina yake na mwenye kudai damu. Hutazamwa alichopigia, ikiwa ni chuma, au jiwe, au mti wa kuweza kuua; na hutazamwa kama palikuwa na uadui. Ushahidi wa mtu mmoja hautoshi kumuua mtu. Ikithubutu kuwa aliua kusudi, hata akishika madhabahu hutolewa akauawa, wala fidia haipokewi kwake hata akiwa tajiri wa namna gani.

Ama huyu wa shoka, imekwisha kuthubutu kuwa hakukusudia. Je, hurudi nyumbani kwake? Harudi. Hukaa katika mji ule mpaka afe kuhani mkuu. Akitoka nje ya mipaka yake kabla ya hapo, akauawa na mwenye kudai damu, hapana lawama juu ya aliyemuua. Wala hawezi kutoa mali ili arudi mapema. Hapa ndipo msomaji anapotakiwa asimame kidogo: mtu huyu hakuwa na dhambi ya uuaji, na juu ya hayo hakuachwa vivi hivi, kwani damu ya mwanadamu imemwagika kwa mkono wake. Mishna, kitabu cha mafakihi wa Kiyahudi kilichokusanywa karibu na mwaka 200 Miladi, chaeleza kwamba mama za makuhani wakuu walikuwa wakiwapa wakimbizi hawa chakula na nguo, wasije wakawaombea wana wao mauti! Laonyesha hilo jinsi kifungo kile kilivyokuwa kizito.

Sharia yetu imekuja na takhfifu. Ibn Abbas (R.A.) ameeleza kwamba Bani Israili walikuwa na kisasi wala hawakuwa na dia, na kwamba takhfifu na rehema iliyotajwa katika Al-Baqara aya ya 178 ni hii: hata aliyeua kusudi aweza kusamehewa kisasi, dia ikapokewa. Na walii wa maiti, pamoja na kupewa nguvu, amekatazwa katika Al-Israa aya ya 33 kupita mpaka, kama walivyokuwa wakifanya Waarabu wa Jahiliya kuua wengi kwa mmoja. Umati wa barabarani si walii wala si kadhi.

Na mwenye kuua Muislamu mwenziwe kwa kukosea, kwetu hahamishwi mji. Lakini An-Nisaa aya ya 92 imemwekea mambo mawili: dia kwa warithi wa maiti, na kafara kwa Mwenyezi Mungu. Dia hii huchukuliwa na jamaa zake wa upande wa baba, nayo hulipwa kwa muda wa miaka mitatu. Warithi wakipenda kuisamehe, wana ruhusa. Kafara ni kumwacha huru mtumwa Muislamu, na asiyepata hufunga miezi miwili mfululizo. Na kwa kuwa watumwa leo hawapo, imebaki saumu. Hiyo haimo katika milki ya warithi. Hata wakimsamehe dia yote na wakala naye sahani moja, miezi miwili ile ingali shingoni mwake. Na akila siku moja katikati pasina udhuru, huanza tena tangu siku ya kwanza.