Fidla na Baragumu Katika Bendi ya Magitaa
Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wako wanaodhani kwamba roki ni magitaa na ngoma tu, na fidla ni chombo cha wakubwa waliokaa kimya vitini. Wapenzi wa taarabu ya Unguja hawawezi kusema hivyo, maana fidla wameizoea. Basi nataka kueleza habari za bendi moja ya Kiingereza iliyojaribu kuvichanganya vyombo hivi.

Mwaka 1967 Beatles walitoa wimbo wa Strawberry Fields Forever, wenye tarumbeta nne na selo tatu. (Selo ni fidla kubwa ishikwayo baina ya magoti.) Lakini wapigaji wale walikodiwa, wakiisha kulipwa, huenda zao. Roy Wood wa Birmingham, aliyekuwa katika bendi ya The Move, aliwaza: kwa nini wasiwe wenyeji wa bendi? Mwaka 1970 yeye na Jeff Lynne na mpiga ngoma Bev Bevan wakaanzisha Electric Light Orchestra.

Katika wimbo wao 10538 Overture, Wood alipiga selo mara nyingi, sauti juu ya sauti, hata mtu mmoja akasikika kama kundi zima. Bill Hunt alipuliza baragumu. Mwaka 1972 wimbo huo ulifika nafasi ya 9 Uingereza. Huko Marekani santuri yao ya kwanza iliitwa No Answer, yaani "hakuna jibu", kwa sababu mtu wa kampuni alipiga simu kuuliza jina, hakupokewa, akaandika hivyo, nao wakalichapa!

Taabu ilikuwa jukwaani. Gitaa la umeme lina sumaku chini ya nyuzi za chuma, nayo hupokea mtikisiko wa nyuzi hizo tu. Selo hutegemea ubao wake. Ukiiwekea maikrofoni, hiyo husikia pia magitaa na ngoma za jirani, na ukiongeza sauti, spika hulia vibaya. Dawa yake ni kubandika kipokezi kidogo juu ya chombo chenyewe.

Mwaka huo huo wa 1972 Wood alijitenga, akaunda Wizzard, na Hunt akamfuata. Hivyo baragumu likaenda, nyuzi zikabaki kwa Lynne. Lynne alikuwa mtungaji hodari. Mwaka 1974 alikodi okestra na kwaya kwa santuri ya Eldorado, na mwaka 1977 akatoa Out of the Blue, yenye wimbo wa Mr. Blue Sky.

Lakini okestra ya kukodi ikiisha kuingia studio, mwenye selo wa bendi atafanya nini? Baada ya safari yao ya mwaka 1978, mpiga fidla Mik Kaminski na wapiga selo wawili hawakuhitajiwa tena. Santuri ya Time ya mwaka 1981 ilitegemea zaidi vinanda vya umeme. Kwangu mimi, hapo ndipo wazo la Wood lilipokufa, ijapokuwa bendi iliendelea hadi mwaka 1986. Mwaka 2014 Lynne alipopiga nyimbo hizo Hyde Park, London, nyuzi zilipigwa na okestra ya BBC.