Fundi alipwe kwa kazi iliyokwisha: somo kwa anayejenga nyumba

Anayejenga nyumba kwa mara ya kwanza huanza na swali la bei. Bei haiwezi kujulikana kabla ya ramani. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inamtaka mwenye ploti apate kibali cha kaunti kabla ya kuanza kujenga, na mchoro ulioidhinishwa una faida nyingine: mafundi watatu wakiupewa, wote wanahesabu kuta zilezile na nondo zilezile. Bila mchoro, kila fundi hutaja bei ya nyumba iliyo kichwani mwake, na anayetaja ya chini huja kuidai tofauti baadaye.

Wakandarasi husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi katika ngazi 8, kuanzia NCA1 kwa kazi kubwa hadi NCA8, na leseni yao huhuishwa kila mwaka. Mafundi pia huidhinishwa na mamlaka hiyo. Cheti kiwe na jina la yule atakayetia sahihi mapatano. Cha kuazima hakimlindi yeyote. Zaidi ya cheti, aonyeshe nyumba aliyoimaliza ambayo imeshanyeshewa na mvua ndefu. Mwenye nyumba hiyo aulizwe, fundi akiwa hayupo, kama kazi ilipoharibika alipokea simu.

Jambo linalowaumiza wengi ni malipo. Fundi huomba nusu ya pesa mwanzoni, kisha anapata kazi kwingine na msingi unabaki ukiota nyasi. Mapatano yaandikwe, hata kama fundi ni mtoto wa jirani (hasa akiwa mtoto wa jirani), na yagawe malipo kwa hatua. Chukulia ufundi wa nyumba ni Sh300,000. Msingi ukikamilika, Sh60,000, kuta zikifika linta, Sh90,000, paa, Sh60,000, plasta na sakafu, Sh70,000. Sh20,000 zinazobaki zizuiliwe kwa muda uliokubaliwa, kama miezi 6, hadi nyufa na mavujo yarekebishwe. Fundi ana wasaidizi wa kulipa kila wiki, kwa hivyo si haki kumnyima kila kitu hadi mwisho. Hatua ndefu igawanywe mara mbili, na pesa kidogo ya chakula iandikwe na kukatwa kwenye hatua hiyo.

Hatua haijakamilika kwa sababu fundi amesema imekamilika. Nondo zikishafunikwa kwa zege, hakuna awezaye kuzihesabu. Mkaguzi wa majengo wa kaunti na mhandisi waitwe kabla ya zege kumwagwa, siyo baada, na picha zipigwe siku hiyo. Baada ya kumwagwa, zege liloweshwe maji kwa angalau siku 7. Fundi anayeharakisha apate malipo ya hatua inayofuata huiruka kazi hii kwanza, maana haionekani kwa macho.

Vifaa ni afadhali mwenye nyumba avinunue mwenyewe, risiti zikae kwake, na daftari lionyeshe mifuko ya saruji iliyoingia na iliyotumika kila siku. Malipo kwa M-Pesa huacha ushahidi; ya mkononi yatiwe sahihi.

Mabadiliko ndiyo huzaa ugomvi. Mwenye nyumba akitaka dirisha lihamishwe, bei mpya iandikwe na wote wawili watie sahihi kabla tofali halijabomolewa.

Fundi akitoroka na pesa, dai lisilozidi Sh1,000,000 linaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, ambako mtu anaweza kujiwakilisha bila wakili na sheria inataka uamuzi utolewe ndani ya siku 60. Atakayefika huko abebe mapatano, taarifa ya M-Pesa, daftari la vifaa na picha za kila hatua.