Kodi Si Gharama Yote ya Nyumba: Hesabu ya Kufanya Kabla ya Kuhamia Nyumba ya Bei Nafuu

Ukimuuliza mtu wa Laini Saba analipa nyumba pesa ngapi, atakutajia kodi: elfu mbili, elfu tatu, kulingana na ploti na kama chumba ni cha mabati au cha mawe. Jibu ni sawa, lakini si lote. Nyumba hiyo hiyo inakula pesa nyingine kila siku. Kuna mitungi ya maji, choo cha kulipia, bafu, stima ya ploti, na dawa ya mtoto anayeharisha. Kwa sababu zinatoka tano tano na kumi kumi, hakuna anayeziandika.

Sasa nyumba za bei nafuu zinajengwa Nairobi, na wateja wetu wengi wanauliza swali moja: je, nitaweza? Somo hili litakusaidia kujibu kwa hesabu yako mwenyewe. Utajifunza faida ambazo nyumba bora huleta, jinsi ya kupata gharama kamili ya unapoishi leo, na jinsi ya kuweka akiba ya malipo ya mwezi ikiwa kipato chako ni cha kila siku.

Nyumba bora inabadilisha nini?

Kwanza ni afya. Mexico, katika jimbo la Coahuila, serikali ilianza mwaka 2000 mpango ulioitwa Piso Firme. Familia za kipato cha chini zenye sakafu ya udongo ziliwekewa saruji bure. Watafiti walilinganisha familia hizo na nyingine ambazo hazikuwa zimefikiwa. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009, walikadiria kwamba nyumba ikipata sakafu ya saruji kote, minyoo na vimelea vingine kwa watoto wadogo hupungua kwa asilimia 78, na kuharisha kwa asilimia 49. Akina mama nao walikuwa na msongo mdogo wa mawazo. Hiyo ni sakafu peke yake. Ongeza maji ya mfereji na choo cha ndani, halafu fikiria ni mara ngapi mwaka huu ulifunga biashara kumpeleka mtoto kliniki.

Pili ni usalama. Choo kikiwa nje ya ploti, mama au msichana akibanwa usiku ana uamuzi mgumu. Atoke gizani, au atumie ndoo au karatasi ya plastiki mpaka asubuhi. Choo cha ndani kinamaliza hofu hiyo, na hakuna anayekitoza kila safari.

Tatu ni uhakika wa kukaa. Sehemu kubwa ya Kibera imesimama kwenye ardhi ya umma. Julai 2018, nyumba nyingi zilibomolewa kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, na familia zikajikuta nje na magodoro yao. Kawangware, ambako ploti nyingi ni za watu binafsi, hofu ni tofauti kidogo: mwenye ploti akiamua kupandisha kodi au kujenga ghorofa, mpangaji ndiye wa kwanza kuhama. Mtu asiye na uhakika wa kesho huogopa kununua friji ya biashara au kumwandikisha mtoto shule iliyo karibu. Mwenye karatasi halali ya nyumba yake hupanga kwa miaka.

Nne ni masomo na kazi. Stima ya mita inampa mtoto mwanga wa kufanya kazi ya shule jioni. Fundi cherehani anaweza kushona usiku bila kugombana na msimamizi wa ploti juu ya nani anamaliza stima.

Soweto Mashariki ilitufundisha nini?

Hapa jirani na Laini Saba tuna mfano wetu. Chini ya mpango wa serikali wa kuboresha mitaa ya mabanda, KENSUP, Septemba 2009 wakazi wa Soweto Mashariki walianza kuhamishiwa nyumba za muda 600 zilizojengwa Lang'ata, ili kwao kujengwe upya. Kila nyumba ilikuwa na vyumba vitatu, na kodi ilikuwa shilingi 1,000 kwa chumba kwa mwezi. Familia zilitumia jikoni na choo kwa pamoja.

Kodi ilikuwa ndogo na maji yalikuwepo. Hata hivyo, baadhi ya watu walipangisha vyumba vyao kwa wenye kipato kikubwa zaidi na kurudi kwenye mabati. Wengine walihitaji ile pesa ya tofauti. Wengine wateja wao walikuwa Kibera, na bili mpya za kila mwezi ziliwalemea.

Julai 2016, nyumba 822 zilikabidhiwa pale Soweto Mashariki, pamoja na vibanda 245 vya biashara. Bei zilizotangazwa zilikuwa shilingi 600,000 kwa chumba kimoja, milioni 1 kwa vyumba viwili na milioni 1.35 kwa vyumba vitatu. Wakazi walihimizwa kuweka akiba kupitia ushirika wao ili wapate malipo ya kwanza ya asilimia 10.

Kuna mambo mawili ya kushika hapa. Nyumba nzuri iliyo mbali na riziki yako inaweza kukurudisha ulikotoka. Na vile vibanda vya biashara vina uzito sawa na vyumba, kwa sababu bila mauzo hakuna malipo ya mwezi.

Piga hesabu yako kwa hatua tatu

*Hatua ya 1: Tafuta gharama kamili ya unapoishi leo.* Omba taarifa ya miamala yako ya mwezi mmoja kupitia simu. Weka alama kwa kila malipo yanayohusu nyumba. Kisha kwa siku saba andika kila sarafu inayoenda kwa maji, choo na bafu, uzidishe kwa nne ukiongeza siku mbili tatu za mwisho wa mwezi.

Tuchukue mfano wa mama mboga mwenye watoto watatu. Hizi ni namba za kufundishia tu, weka zako:

- Kodi: 3,000
- Maji, mitungi 4 kwa siku kwa shilingi 5: 600
- Choo, shilingi 20 kwa siku kwa familia: 600
- Stima ya ploti: 400
- Dawa na kliniki, wastani wa mwezi: 500

Jumla ni shilingi 5,100. Alidhani analipa 3,000.

*Hatua ya 2: Tafuta gharama kamili ya unapotaka kwenda.* Mei 2025, nyumba 1,080 za kwanza zilipokabidhiwa Mukuru, malipo ya mwezi yaliyotangazwa kwa nyumba ndogo kabisa yalikuwa shilingi 3,900. Tutumie namba hiyo, na mengine tukadirie:

- Malipo ya nyumba: 3,900
- Maji ya mita: 300
- Tokeni za stima: 500
- Usafi, ulinzi na taa za ngazi: 500

Jumla ni shilingi 5,200. Ni mia moja tu zaidi ya anacholipa leo, na tofauti kubwa ni kwamba 3,900 zinamsogeza kuwa mwenye nyumba, wakati 3,000 za leo ni za mwenye ploti.

Lakini je, kama nyumba iko mbali na kibanda chake? Nauli ya shilingi 100 kwa siku, kwa siku 26 za kazi, ni 2,600. Jumla inaruka hadi 7,800. Nyumba ni ile ile na bei ni ile ile, lakini mama huyu sasa hawezi. Kwa hivyo usiulize bei peke yake. Uliza nyumba iko wapi, na biashara yako itakuwa wapi.

*Hatua ya 3: Gawanya mwezi kuwa siku.* Ukifanya kazi ya mjengo, kufulia watu au kuuza mboga, mshahara wa mwisho wa mwezi huna. Bili ya 5,200 ikija mara moja inatisha. Igawanye kwa siku 26, inakuwa shilingi 200 kwa siku. Kila jioni kabla ya kulala, hamisha 200 kwenye akaunti ya akiba ya simu iliyo kando na pesa ya matumizi. Siku ya mvua ukikosa, fidia siku ya soko. Chagua akiba yenye kufuli ili pesa isitoke kirahisi, na soma ada za kuweka na kutoa kabla ya kuanza.

Tumia njia hiyo hiyo kwa malipo ya kwanza. Asilimia 10 ya nyumba ya 600,000 ni 60,000. Ukiweka 100 kwa kila siku ya kazi, unapata 2,600 kwa mwezi, na baada ya karibu miaka miwili umefika. Ni muda mrefu, ndiyo. Chama husaidia, maana mtu akijua wenzake wanamngoja Jumapili hali pesa ya akiba kirahisi. Muungano wa Wanavijiji, uliozaliwa katika mitaa ya mabanda ya Nairobi mwaka 1996, umejengwa juu ya vikundi vya akiba vya aina hii.

Jaribio letu kwako: ishi miezi mitatu kana kwamba umeshahama. Tenga kila mwezi tofauti kati ya gharama ya leo na gharama ya nyumba mpya. Ikikushinda, umejua kabla ya kutia sahihi. Ikiwezekana, tayari una akiba.

Sheria inasema nini?

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila Mkenya haki ya makazi yanayofaa na usafi wa kiwango kizuri. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 imegawa nyumba kulingana na kipato. Anayepata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi yuko kundi la nyumba za kijamii, na wa 20,000 hadi 149,000 yuko kundi la nyumba za bei nafuu. Ukiwa umeajiriwa, unakatwa asilimia 1.5 ya mshahara wako wote, na mwajiri anaongeza kiasi kama hicho. Kukatwa hakukupi nyumba moja kwa moja. Lazima ujisajili mwenyewe kwenye Boma Yangu.

Linda pesa yako

- Kujisajili Boma Yangu ni bure. Anayekuitisha pesa ya fomu au ya kusogezwa mbele kwenye orodha ni mwizi.
- Usitume malipo ya nyumba kwa nambari ya mtu binafsi, hata akisema anafanya kazi ofisini.
- Kabla ya kuweka nambari yako ya siri, soma jina linalotokea kwenye skrini. Likiwa si lile ulilotarajia, kataa.
- Usifute ujumbe wa malipo. Ndiyo risiti yako siku ukiambiwa hujalipa.
- Usikope mkopo wa haraka wa simu kulipa malipo ya kwanza. Utaanza kulipa nyumba na deni kwa wakati mmoja.

Kazi ya wiki hii

Chukua daftari la mtoto, chora mistari miwili, upande mmoja uandike "Ninapoishi" na mwingine "Ninapotaka kwenda". Jaza kwa siku saba, kisha kaa na mwenzako au chama chenu mlinganishe. Ukigundua kwamba kwa sasa ni afadhali ubaki ulipo huku ukiweka akiba, hilo pia ni jibu zuri. Na ukigundua kwamba tayari unalipa bei ya nyumba yenye mfereji na choo bila kuipata, basi anza leo jioni na ile mia ya kwanza.