SOMO LA AFYA: Kwa Nini Mtoto Achanjwe Surua Mara Mbili?

Wako wazazi wasemao: "Mtoto alishachomwa sindano ya surua, ya pili ya nini tena?" Wengine husema: "Surua ni ugonjwa wa watoto wote, utapona wenyewe." Maneno haya yamekwisha kuzika watoto. Leo tuyapime.

Surua ni nini?
Surua huletwa na kirusi. Kirusi ni kidogo mno, hakionekani kwa macho. Huingia ndani ya chembe hai za mwili na kuzilazimisha zitengeneze virusi wengine wengi. Mgonjwa akikohoa au akipiga chafya, virusi hubaki hewani hata saa 2. Watu 10 wasio na kinga wakikaa karibu naye, 9 huweza kuambukizwa.

Mtoto hushikwa na homa kali, mafua, kikohozi na macho mekundu. Baada ya siku chache hutokwa na vipele. Surua huweza kuleta nimonia, kuharisha, upofu na kifo, hasa kwa mtoto mwenye utapiamlo.

Askari wa mwili
Damu yetu ina chembe nyeupe. Hizo ndizo askari wa mwili. Tuchukue mfano wa kijiji. Mwizi mgeni akiingia mara ya kwanza, hakuna amjuaye. Mpaka mgambo wakusanyane, keshavunja nyumba. Lakini sura yake haisahauliki. Akirudi, atakamatwa njiani.

Mwili nao ni hivyo hivyo. Kirusi kigeni kikiingia, chembe nyeupe huhitaji siku kadhaa kutengeneza silaha ya kukinasa. Mtoto akipona, baadhi ya chembe hizo hukaa na kumbukumbu ya adui huyo kwa miaka mingi. Ndiyo sababu aliyeugua surua kwa kawaida haugui tena.

Je, basi tuwaache watoto waugue ili wapate kinga? Hapana! Wengine hufa kabla mwili haujajifunza. Tena surua hufuta sehemu ya kumbukumbu ambayo mwili ulikuwa nayo juu ya magonjwa mengine. Mtoto anapona surua, halafu anaandamwa na maradhi mengine.

Chanjo hufanya nini?
Chanjo ya surua ina virusi vya surua vilivyodhoofishwa. Ni kama kuwaonyesha mgambo picha ya mwizi kabla hajafika. Mwili hujifunza bila kupita katika hatari ya surua yenyewe. Mtoto akipata homa kidogo siku chache baada ya sindano, mara nyingi ni mwili uko darasani.

Mbona mara mbili?
Hapa Tanzania mtoto huchanjwa akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18. Mtoto huzaliwa na kinga kidogo aliyopewa na mama yake. Kinga hiyo huweza kuizuia chanjo isifanye kazi, kwa hiyo tunangoja ipungue. Hata hivyo, katika watoto 100 waliochanjwa kwa miezi 9, kama 85 ndio hupata kinga. Wale 15 waliobaki hatuwezi kuwajua kwa kuwatazama. Sindano ya pili huwakinga karibu wote hao.

Na mtoto wa miezi 5 je? Yeye hajafikia umri, hulindwa na wenzake. Watoto 95 katika kila 100 wakiwa na kinga, surua haipati njia ya kupita.

Jambo hili linawezekana. Mtu wa mwisho kuugua ndui kwa njia ya kawaida aliugua mwaka 1977, nchini Somalia. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa ndui imekwisha duniani. Silaha ilikuwa chanjo.

Basi, tazama kadi ya kliniki ya mwanao leo. Kama sindano ya pili haijaandikwa na umri umefika, mpeleke zahanati. Na mtoto mwenye dalili za surua apelekwe mapema; atapewa vitamini A na kutibiwa nimonia au kuharisha kama vipo.

Maswali ya kujadili
1. Kwa nini aliyeugua surua haugui tena?
2. Kwa nini sindano moja haitoshi?
3. Kijijini kwenu ni watoto gani hawajamaliza chanjo? Mtawasaidiaje wazazi wao?