Nani Anayetaka? Kiambishi -ji- na Mjadala wa Upasuaji wa Urembo kwa Vijana

1. Chanzo cha makala

Mwaka jana, wakati wa mazoezi yangu ya kufundisha katika shule moja ya sekondari mjini Lubumbashi, nilipewa saa mbili za kufundisha insha ya hoja. Mada niliichagua mwenyewe, nikaiandika ubaoni: «Je, vijana wakubaliwe kufanyiwa upasuaji wa urembo?» Niliiona mada nyepesi ya kuwachangamsha wanafunzi. Wengi wao wana simu, au huazima za kaka na dada zao, nao wameona sura za wasanii zikigeuka kutoka picha moja hadi nyingine.

Niligawa darasa pande mbili. Upande wa kupinga ulishinda upesi. Mmoja alisema Mungu hakosei. Mwingine alisema asiyeridhika na sura yake leo hataridhika na ile atakayoinunua kesho. Darasa likapiga makofi, nami nikaanza kuandika muhtasari.

Ndipo msichana aliyekaa karibu na dirisha akainua mkono. Utotoni aliangukia mbabula yenye makala ya moto. Kovu lake linaanza kidevuni na kushuka hadi kifuani, na ngozi ya shingo imevutika hivi kwamba akitaka kukutazama hugeuza mabega yote. Alisema:

«Mwalimu, ile haina buzuri. Natafuta tu shingo igeuke.»

Kwa msomaji asiyezoea Kiswahili cha Katanga: «haina» hapa maana yake ni «si», na «natafuta» ni «nataka». Yaani: hilo si suala la uzuri, nataka shingo igeuke tu. Hakuna aliyepiga makofi. Nilitazama ubao nikatambua kwamba kosa halikuwa katika majibu ya wanafunzi. Lilikuwa katika swali langu. Makala haya ni jaribio la kulisahihisha, kwa vyombo tulivyo navyo sisi wanafunzi wa lugha.

2. Jina moja, kazi mbili

Wafaransa husema «chirurgie plastique», na wengi wetu tunaposikia neno hilo tunafikiria plastiki ya ndoo na mifuko. Asili yake ni neno la Kigiriki linalohusu kufinyanga, kama mfinyanzi anavyofanya na udongo. Kazi hiyo ya kufinyanga mwili ina matawi mawili. La kwanza hurudisha kilichoharibiwa na ajali, ugonjwa au kasoro ya kuzaliwa: mdomo uliopasuka tangu tumboni, mkono uliokunjwa na moto, taya lililovunjwa na risasi. La pili hubadilisha kiungo kizima ili kipendeze zaidi.

Tawi la kwanza lilipiga hatua kubwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Daktari Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand, aliwatibu askari waliopoteza pua, mashavu na mataya katika hospitali ya Sidcup, Uingereza, iliyofunguliwa mwaka 1917 kwa kazi hiyo. Ujuzi uliozaliwa katika huruma hiyo ndio uliosaidia pia kukuza tawi la pili. Kisu na uzi vinaweza kuwa vilevile, lakini sababu ya kuvishika si moja.

Kiswahili kinaweza kutenganisha matawi haya tukichagua vitenzi kwa uangalifu. «Kurudisha» kunadai kwamba kuna kitu kilichokuwapo, au kilichostahili kuwapo, kikapotea. «Kubadilisha» hakudai hasara yoyote. Kitenzi cha kuchunga zaidi ni «kurekebisha», kwa sababu kinaficha hukumu ndani yake. Anayesema «kurekebisha pua» ameshatangaza kwamba pua ile ina kosa, kabla hatujauliza kosa gani, na ni nani aliyelipima. Matangazo ya biashara hupenda kitenzi hiki. Mteja huingia na pua, hutoka na kosa, kisha hulipa ili liondolewe.

3. Wakati nao ni sehemu ya sentensi

Swali langu la ubaoni lilisema «vijana» bila kujali kwamba mwili wa kijana bado unakua. Ukuaji huo unaathiri matawi mawili kwa namna zinazopingana.

Kovu la moto halikui kwa kasi ya mwili unaolizunguka. Mtoto anarefuka, kovu linabaki fupi, na kiungo kinazidi kuvutwa. Kumwambia msichana yule «ngoja mpaka uwe mkubwa» huenda kukaongeza madhara. Kinachoweza kufanyika ni kukata kovu lililobana na kupandikiza ngozi kutoka sehemu nyingine ya mwili wake, na wakati mwingine kazi hiyo hurudiwa kadiri anavyokua.

Pua ni kinyume chake. Huendelea kukua katika miaka ya ujana, kwa wavulana kwa muda mrefu zaidi kuliko wasichana. Anayeikata akiwa na miaka kumi na minne anashona nguo kwa kipimo cha mwili ambao haujafika. Matiti vilevile. Nchini Marekani, mamlaka ya dawa imeidhinisha vifuko vya silikoni vya kukuza matiti kwa urembo kuanzia umri wa miaka 22, na vile vya maji ya chumvi kuanzia miaka 18. Tena vifuko hivyo si vya maisha; aliyewekewa akiwa kijana ajue kwamba huenda akarudi chini ya kisu zaidi ya mara moja.

4. -ji- ni nani?

Sasa nafika kwenye kiambishi kilichonipa kichwa cha makala. Tunajifunza mapema kwamba -ji- humrejelea mtenda: anayetenda na anayetendewa ni mmoja. Kujiosha, kujipamba, kujichubua. Kisarufi hakuna shida.

Lakini tulichukue tendo la kujichubua, ambalo mjini kwetu tunalijua zaidi kuliko upasuaji. Binti anapaka krimu yenye dawa kali, ngozi inakuwa nyembamba, na vidonda vyake vinachelewa kupona. Tunasema «amejichubua», na lawama yote inamwangukia yeye. Je, aliyemwambia kwamba weupe ndio uzuri yuko wapi katika sentensi ile? Aliyemuuzia krimu? Shangazi aliyemsifu dada yake mweupe mbele yake? Kiambishi -ji- kimewafuta wote.

Upasuaji wa urembo una hatari hiyohiyo. Kijana anaposema «nataka kujibadilisha», mwalimu wa lugha ana haki ya kuuliza: hii -ji- ni yako? Wakati mwingine anayetaka ni mama. Wakati mwingine ni mchumba, au wanafunzi wenzake wanaocheka wakati wa mapumziko. Korea ya Kusini inajulikana kwa wanafunzi wanaopasuliwa kope mara baada ya mtihani mkuu wa kumaliza sekondari, na wapo wazazi wanaoitoa kama zawadi. Zawadi ile inasema nini kuhusu macho ambayo mtoto aliyapata kwao?

Mtu asinijibu kwamba haya ni mambo ya kigeni na kwamba mababu zetu hawakugusa mwili. Wamangbetu wa kaskazini-mashariki mwa nchi yetu walikuwa wakifunga vichwa vya watoto wachanga ili virefuke, na jamii nyingi zilichanja uso au kuchonga meno. Tofauti ni kwamba hakuna aliyedai kuwa mtoto mchanga ndiye aliyeomba. Wakubwa walisema wazi: sisi ndio tunaofanya. Leo wakubwa hufanya, na sentensi inaandikwa kwa -ji-.

5. Masikio, au mahali hoja yangu inapopungua nguvu

Katika darasa lile kulikuwa pia na mvulana mwenye masikio yaliyosimama mbali na kichwa. Baada ya somo alinifuata ukumbini akaniuliza: «Na miye je?» Masikio yake yanasikia vizuri. Hakuna kilichoharibika. Kwa vitenzi vyangu, hapo pana «kubadilisha» tu.

Hata hivyo sikuweza kumwambia kwamba maumivu yake ni ya kujitakia. Sikio hukaribia ukubwa wake wa mwisho mapema utotoni, na madaktari hukubali kulirudisha nyuma hata kwa mtoto wa miaka sita hivi, kwa hiyo hoja ya ukuaji haimzuii. Nilimuuliza jambo moja: «Kama kesho wangeacha kukucheka, ungetaka bado?» Alifikiri kwa muda, akasema hajui.

Naona «sijui» hiyo ni jibu la kuheshimiwa. Inaomba muda, na inaomba wakubwa wakemee wanaocheka kabla ya kumpeleka anayechekwa kwa daktari. Sheria nazo zimeanza kutoa muda huo. Uingereza imepiga marufuku, tangu tarehe 1 Oktoba 2021, kumdunga mtu aliye chini ya miaka 18 sindano za kulainisha au kujaza uso kwa ajili ya urembo tu. Kwetu, sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Kwa hiyo ridhaa yake inahitaji mkubwa anayemtetea, wala si mkubwa anayemsukuma.

6. Hitimisho

Kama ningerudi ubaoni leo, ningefuta swali lile na kuandika matatu mahali pake. Kitenzi kipi: kurudisha au kubadilisha? Wakati upi: kungoja kunadhuru au kunasaidia? Na -ji- ni nani?

Kwa maoni yangu, palipo na kurudisha, kijana asicheleweshwe, na jamii ione aibu pale fedha inapokosekana. Palipo na kubadilisha tu, angoje miaka 18, kwa sababu -ji- yake bado inajengwa. Na palipo na shaka, kama kwa mvulana wa masikio, tumsikilize yeye mwenyewe, mbali na wanaomcheka na mbali na wanaomlipia.

Msichana wa dirishani hakuandika insha siku ile. Nilimpa alama zote kwa sentensi zake mbili, na mwalimu aliyenisimamia hakupinga.

7. Mazoezi kwa msomaji

a) Tafuta tangazo lolote la urembo, la redio au la barabarani. Orodhesha vitenzi vyake, kisha eleza ni kosa gani kila kitenzi kinalidai bila kulitaja.

b) Andika upya sentensi «Binti amejichubua» mara tatu bila kutumia -ji-, kila mara ukimtaja mtenda mwingine. Ni ipi iliyo karibu zaidi na ukweli wa mtaa wako?